Nani Atamshika Mtoto?



Juzi, baada ya kikao cha akina mama, mwenzetu mmoja alitungoja mlangoni. Binti yake anapenda hesabu na kuchora, na sasa anataka kusomea usanifu wa majengo, yaani kazi ya kuchora ramani za nyumba na kusimamia ujenzi. "Lakini dada," alituuliza, "hiyo si kazi ya wanaume? Na akizaa, itakuwaje?"

Swali la kwanza tulilijibu upesi. La pili tulirudi nalo nyumbani.

Hebu tumtazame mama mmoja aliyepita njia hiyo. Norma Merrick Sklarek alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1926. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mshona nguo. Alihitimu usanifu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950, kisha akaomba kazi katika ofisi 19. Zote zilimkataa. Hakuweza kujua kama kisa ni uanamke wake au ni rangi yake. Hata hivyo, mwaka 1954 aliufanya mtihani wa leseni, akafaulu mara ya kwanza.

Katika miaka hiyo alikuwa akilea watoto wawili peke yake. Mchana alikuwa ofisini, na jioni alifundisha usanifu chuoni. Nani aliwashika watoto? Mama yake mzazi.

Mwaka 1960 alianza kazi Los Angeles. Kwa kuwa hakuwa na gari, alipanda la mwenzake wa kiume, ambaye alizoea kuchelewa. Wiki moja tu ilipopita, mkubwa wa kazi akamwuliza Norma kwa nini anachelewa. Yule bwana alikuwa amechelewa miaka miwili, wala hakuna aliyemwona! Ndivyo ilivyo mwanamke akiwa peke yake kazini: kosa lake dogo huonekana na wote. Norma akanunua gari lake.

Mwaka 1980 Chama cha Wasanifu Majengo cha Marekani kilimpa daraja lake la heshima, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza kulipata. Baadaye alisimamia kazi ya jengo la abiria, Terminal 1, katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, lililokamilika kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 1984. Na hadi alipofariki mwaka 2012, alikuwa amewasaidia vijana wengi kujiandaa kwa mtihani ule ule alioufanya yeye.

Sasa turudi kwa binti yetu. Katika nchi nyingi, digrii peke yake haimfanyi mtu kuwa msanifu. Ni lazima kwanza afanye kazi chini ya mwenye leseni kwa muda, ndipo afanye mtihani. Na miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo wengi wetu huolewa na kujifungua. Hapo ndipo mabinti wengi wenye akili hurudi nyuma. Mama kijana huhitaji watu wawili kwa wakati mmoja: wa kumwongoza kazini, na wa kumshika mtoto nyumbani. Akikosa mmoja, mwingine hatoshi.

Sisi wauguzi tunalijua hilo. Tuliporudi kazini na watoto wachanga, maziwa yakitujaa kifuani, kuna dada mkubwa wodini aliyechukua zamu zetu za usiku bila kuombwa. Kama si yeye, baadhi yetu leo tusingevaa sare hii.

Basi, mama mwenye binti anayechora, usimwambie kazi hiyo ni ya wanaume. Mtafute mwanamke anayeifanya, umwombe binti akae ofisini kwake wakati wa likizo, aone kwa macho yake. Baba naye ashirikishwe, maana mtoto ni wa wote wawili. Na wewe uliye bibi au shangazi, usingoje kuitwa.

Yule mwenzetu tumekwisha mjibu. Tulimwambia: "Mwache binti asome. Akizaa, utamshika wewe, nasi tutakupokea." Alicheka, akafuta machozi, akaenda.

Je, nyumbani kwako ni nani anayekungoja umshike?