Sehemu ya 7: Redio ya kwenda nayo kituoni

Wauguzi wenzangu mnaopangiwa zahanati za ndani ndani, mmeuliza redio gani ya masafa mafupi. Jamani, msinunue ya kuchaji tu! Yangu ilizima katikati ya masika, sola haina kitu, mtandao hakuna. Habari ya kipindupindu wilaya jirani nikaipata siku ya tatu kwa dereva wa lori, na wagonjwa wawili tayari wako kitandani. Sasa natumia ya betri kubwa, zile za tochi, hata kijijini zipo. Dukani vuteni antena yote, muitikise shinani. Ikilegea iacheni, hapo ndipo huvunjika. Usiku jaribuni mita 49, mchana mita 19. Na mkienda likizo toeni betri, zikivuja zinakula vyuma vya ndani.