Kelele za Mlango na Kelele za Jirani

Ipo methali isemayo: Kelele za mlango hazimkatazi mwenye nyumba kulala. Nayo ina ndugu yake: Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hizi mbili twazifundisha kila mwaka, na maana yake tumezoea kuieleza hivi, kwamba mtu mwenye azma asibabaishwe na maneno ya watu. Maana hiyo ni sahihi, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaozichukua methali hizi na kuzifanya kizibo cha kuwaziba vinywa wakazi wa Kampala wanaolalamikia kelele za majirani. Mtu akisema kwamba hajalala siku tatu kwa sababu ya vipaza sauti vya baa iliyo nyuma ya nyumba yake, hujibiwa kwa methali, tena kwa kicheko, na shauri likawa limekwisha.

Hebu tuitazame methali hiyo kama waalimu wa lugha. Mlango unaotajwa ni wa nani? Ni wa mwenye nyumba. Ameufunga mwenyewe, anajua unalia kwa sababu gani, na siku akichoka nao atazitia bawaba mafuta. Sauti hiyo imo katika uwezo wake. Kipaza sauti cha jirani hakimo katika uwezo wake. Hawezi kukizima, hawezi kukigeuza upande wa pili, na aghalabu hata kwenda kuomba kipunguzwe huonekana uchokozi. Kwa hiyo methali haikusema neno lolote juu ya msiba huu, na anayeitumia hapa anaitumia vibaya.

Wenyeji wa Kampala hawahitaji kuelezwa ninachokisema. Tazameni Kabalagala, Wandegeya, Bwaise au Nakulabye. Baa imeshikana ukuta na nyumba ya watu. Ng'ambo ya njia kuna kibanda cha sinema ambamo mfasiri hupaza sauti kuliko filamu yenyewe. Hatua chache mbele pana hekalu la mabati lenye mkesha, na mbele ya hilo kinu cha kusagia unga. Mchana hupita mchuuzi mwenye kipaza sauti cha mkononi kinachorudia maneno yale yale aliyoyanasa asubuhi. Umeme ukikatika, jenereta huingia zamu. Katikati ya hayo yote kuna familia katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho hapa huitwa muzigo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tukilisikia neno hilo twakumbuka mzigo wa kubebwa kichwani, na pengine hatukosei sana.

Yapasa kwanza tuseme juu ya afya, maana wengi hudhani kelele ni karaha tu, jambo la kuvumilia. Jicho limepewa kope. Sikio halina kifuniko. Mtu anapolala sikio lake hubaki kazini, na kila mshindo unapopiga, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, homoni za wasiwasi humwagika katika damu. Haya hutokea hata kama mlalaji hakuamka wala hakumbuki kitu asubuhi. Ndiyo sababu yule anayejisifu kuwa amezoea kelele hajasalimika nazo. Akili yake imezoea, lakini moyo wake haukuzoea. Mambo hayo yakirudiwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Sikio lenyewe nalo hudhurika, kwa kuwa vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika chumba cha kulala kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30, na darasani wakati wa masomo zisizidi 35. Mwaka 2011 ofisi ya Shirika hilo ya Ulaya ilikadiria kwamba watu wa Ulaya ya Magharibi pekee hupoteza kila mwaka miaka isiyopungua milioni moja ya maisha yenye afya kwa sababu ya kelele za barabara, reli na ndege. Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Je, moyo wa Mwafrika umeumbwa kwa chuma?

Lakini sisi ni waalimu, na ipo hasara nyingine inayotuhusu zaidi. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha uchunguzi walioufanya katika shule moja ya msingi mjini New York, ambayo upande wake mmoja ulielekea reli iliyojengwa juu ya nguzo. Watoto waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa kimya, na wale wa darasa la sita walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mipira ya kupunguza mshindo, na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti. Uchunguzi uliorudiwa na kuchapishwa mwaka 1981 ulionyesha kuwa tofauti ile imetoweka. Hapakuwa na haja ya kubadili vitabu wala kuwachapa watoto.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, Sheldon Cohen na wenzake walikuwa wamewachunguza watoto waliokaa katika maghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu ya mji huo huo. Wale wa ghorofa za chini, zenye kelele zaidi, walipata shida zaidi kupambanua maneno yanayokaribiana kwa sauti, na kusoma kwao kukawa dhaifu zaidi. Hapo kelele ni za nyumbani, wala si za shuleni.

Ndugu mwalimu, pima jambo hilo kwa kazi yetu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini watoto wengi wa Kampala hawakizungumzi nyumbani. Wanakipata kwa sikio, kutoka kinywani mwetu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiganda, ambamo sauti za l na r hupokezana kufuata irabu iliyotangulia, hana budi kusikia kwa makini sana ndipo ajue kuwa mahali si mahari na kula si kura. Sasa mwalimu anasema mahali, na kipaza sauti cha mtaani kinameza ile l. Mtoto ataandika nini? Nasi tutamwekea alama ya kosa na kusema hajali masomo.

Tena lugha haianzi darasani. Huanzia jioni, watu wanapokaa pamoja baada ya kula. Mtu akisema Kitendawili, mwenziwe huitika Tega. Na kwa Kiganda akisema Koyi koyi, huitikiwa Lya. Hapo ndipo mtoto alipojifunza kungoja zamu yake, kusikiliza hadi mwisho na kufikiri kabla ya kujibu. Katika nyumba iliyozingirwa na kelele mazungumzo hayo hayawezekani. Maneno hupungua mpaka yakabaki ya amri tu: njoo, leta, nyamaza, lala. Baba na mama husemezana kwa kupayuka, na anayepayukiwa hudhani amegombezwa, naye hujibu kwa ukali. Mama aliyejifungua juzi hapati usingizi, na mtoto wake halali. Asubuhi kila mmoja ana hasira asiyoijua asili yake. Ni nyumba ngapi zinazosemwa kuwa hazina maelewano, ilhali kinachokosekana ni usiku mmoja wa kulala?

Zipo hoja za kutetea kelele, nazo zastahili kujibiwa.

Ya kwanza husema kuwa Mwafrika ni mtu wa ngoma, na kudai kimya ni kuiga wageni. Anayesema hivi haijui ngoma. Katika Buganda kila ukoo una mdundo wake, na anayeusikia hujua ni nani anayeitwa. Mdundo wa saagala agalamidde huwaita watu kwenye kazi ya pamoja. Ule wa ggwanga mujje huwaita kwenye hatari. Ngoma ilikuwa ni lugha: ilisema neno lake kwa wakati wake, kisha ikanyamaza ili neno lile litendwe. Ingekuwa inalia mchana na usiku, nani angejua lini kuna hatari?

Ya pili ni ya riziki: kwamba mwenye baa na mchuuzi nao wana watoto. Ni kweli. Lakini dereva wa teksi anayesinzia kwenye usukani naye anatafuta riziki, kadhalika mwendesha bodaboda, muuguzi wa zamu na mama wa sokoni anayeamka saa kumi za alfajiri. Kwa nini riziki ya mmoja ilipwe kwa usingizi wa mia? Wala hakuna anayetaka baa ifungwe. Vipaza sauti vielekezwe ndani, sauti ipunguzwe usiku. Wanywaji hawatakosa bia kwa hilo.

Ya tatu ni ya ibada, na hapa wengi huogopa kusema. Kumwabudu Mungu si kosa, na usiku ni wakati mwema wa kuomba. Lakini Mwenyezi Mungu si kiziwi, na vipaza sauti vinavyotazama barabarani havikuelekezwa kwake. Miaka mingi kabla ya umeme mwadhini alinadi kwa koo lake, na kengele zikalia kwa dakika chache, na waumini walifika. Mgonjwa asiyelala jirani ya nyumba ya ibada naye ni kiumbe wa Mungu huyo huyo.

Ya nne ndiyo inayopendwa zaidi: mji ni mji, atakaye kimya arudi kijijini. Jibu lake tulilipata wenyewe. Tangu Machi 2020 hadi Januari 2022 palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya ugonjwa wa korona, baa zikafungwa, na usiku wa Kampala ukapoa. Ule haukuwa utulivu wa kutamaniwa, maana ulijaa hofu na njaa. Hata hivyo ulituonyesha kwamba kelele hazitoki ardhini kama ukungu. Zinatoka mikononi mwa watu, na kinachotoka mikononi mwa watu chaweza kupimwa na kuwekewa mpaka.

Na mpaka huo ulikwisha kuwekwa. Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 1995 kinampa kila Mganda na kila raia mwingine wa Uganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2003 ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya makazi, na usiku wake ulihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kumbukeni kuwa mtu anayezungumza kwa kawaida hufikia kama desibeli 60 kwa mwenzake aliye karibu. Basi sheria haikuruhusu hata sauti ya mazungumzo hayo kumfikia aliyelala, seuze mngurumo wa baa. Kilichopungua ni watu wa kuidai sheria hiyo bila woga.

Sisi waalimu yatupasa tuwe wa kwanza kuidai, lakini tuanze uani kwetu. Shule zetu nazo hukodi vipaza sauti siku za tamasha na mahafali, zikawapigia majirani muziki tangu alfajiri. Hilo likomeshwe kwanza. Kisha tuwafundishe wanafunzi msamiati wa jambo hili pamoja na haki zao. Insha juu ya kelele za mtaani ina faida kuliko insha ya ishirini juu ya safari ya mbuga za wanyama. Na katika mitaa tunamokaa, tumwendee jirani kwa adabu mchana, si usiku wakati wa hasira. Asiposikia, twende kwa mwenyekiti wa LC I, na kutoka hapo kwa Mamlaka ya Jiji na ile ya Mazingira. Twende tukiwa wengi, tena kwa maandishi yenye tarehe na saa. Mlalamikaji mmoja huitwa mkorofi. Kumi huitwa wakazi.

Na mtu akitukatiza kwa ile methali ya mlango, tumwulize mlango huo ni wa nani.