Ati Shirley ni jina la Kikristo?

Kuna swali moja sisi Wakenya tunalipenda sana. Mtu anakwambia anaitwa Akinyi, halafu unamuuliza, "Sawa, na jina la Kikristo?" Ati Akinyi pekee haitoshi. Akijibu "Shirley", sasa unaandika ukiwa na amani.

Haya, hebu tumchunguze huyo Shirley.

Kwanza, kwenye Biblia hayuko. Anza Mwanzo umalize Ufunuo, hutampata. Shirley lilikuwa jina la mahali huko Uingereza. Kwa Kiingereza cha kale maana yake ni sehemu ya wazi msituni, penye mwanga. Watu wa huko wakalibeba kama jina la ukoo, baadaye likaanza kupewa watoto. Na walikuwa wavulana, si wasichana!

Mwaka 1849 Charlotte Brontë akatoa riwaya inayoitwa Shirley. Humo kuna mwanamke tajiri, mwenye mashamba yake. Wazazi wake walikuwa wakingoja mtoto wa kiume, wakapata msichana, basi wakampa tu lile jina la kijana. Baada ya hapo jina likaanza kuhamia kwa wasichana, na wavulana wakalikimbia.

Kisha ikaja sinema. Mwaka 1934, Shirley Temple, mtoto wa miaka 6 mwenye nywele za kujikunja, akavuma Marekani nzima. Mwaka uliofuata, Shirley likawa jina la pili kwa wingi kati ya watoto wa kike waliozaliwa huko. Lakini watoto wale wakazeeka, na jina likazeeka nao. Leo Mmarekani akisikia Shirley anafikiria shosho. Huku kwetu, Shirley bado ni msichana wa chuo.

Kwa hivyo tuna msitu, riwaya na sinema. Ukristo uko wapi hapo?

Akinyi ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Chebet kwa Wakalenjin amezaliwa mchana. Mwende kwa Wakamba ni mpendwa. Haya majina yana maana ambayo nyanya yako anaweza kukueleza akichambua mboga. Shirley nalo lina maana nzuri, sikatai. Tofauti ni kwamba kuna mtu alituambia moja ni la heshima na lingine ni la nyumbani, na sisi tukakubali.

Shida si Shirley. Shida ni lile swali. Mtoto akiulizwa hivyo na mwalimu, na pasta, na karani, anajifunza kwamba jina alilopewa na watu wake ni la kuficha. Siku moja ataanza kuandika herufi ya kwanza tu: Shirley A.

Kina Shirley, msinikasirikie, jina lenu ni tamu. Ila mtu akikwambia anaitwa Akinyi, andika Akinyi. Amemaliza.

Na wewe, nyumbani wanakuitaje?