Nyonga Inapokosa Damu



Mzazi mwenye mtoto wa selimundu huyazoea maumivu. Mtoto akilalamika mguu, mama humpa dawa, humnywesha maji kwa wingi, humfunika, kisha hungoja. Na mara nyingi baada ya siku chache hali hutulia. Lakini yapo maumivu yasiyofaa kungojewa. Ni yale ya kinena, au ya paja yashukayo hadi gotini, yanayozidi mtoto akitembea na kupungua akipumzika, yakadumu wiki baada ya wiki mpaka akaanza kuchechemea. Huenda hilo si shambulio la kawaida. Huenda sehemu ya mfupa wa nyonga yake inakufa.

Mfupa wa paja huishia juu kwa kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya tundu la nyonga. Kichwa hicho hulishwa na mishipa michache, tena myembamba. Chembe za damu zilizojipinda kama mundu zikiiziba, mfupa hukosa damu na kufa. Hauporomoki siku hiyo hiyo. Huweza kuubeba mwili kwa miezi, hata miaka. Ukishabonyea, mviringo hupotea na kiungo huanza kusagika.

Selimundu si sababu pekee. Matumizi makubwa ya dawa za steroidi, kuvunjika nyonga na ulevi pia huleta madhara haya. Ila katika Pwani yetu, ambako malaria imekita tangu kale, selimundu imeingia nyumba nyingi, nasi hatuna budi kuanza nayo. Jambo la kukumbuka ni kuwa eksirei ya mwanzo huweza kuonekana safi ilhali mfupa tayari umeathirika. Picha ya MRI huonyesha mapema zaidi. Maumivu yakiendelea, mzazi asiridhike na picha moja.

Nyumbani hutendeka makosa mawili kwa nia njema. La kwanza ni kumlaza mgonjwa muda mrefu, misuli ikanyauka na nyonga ikakakamaa. La pili ni kumkanda na kumvuta mguu kwa nguvu. Mafuta ya moto hayarudishi damu ndani ya mfupa, na kulazimisha kiungo kilichodhoofika ni kukiongezea mateso.

Mtaalamu wa fiziotherapia huenda njia ya katikati. Kwanza hupunguza mzigo: mgonjwa hupewa mkongojo, naye huushika kwa mkono wa upande wa pili wa nyonga inayouma. Pili hujenga misuli inayoishikilia nyonga, kwa mazoezi kama kulala ubavu na kuinua mguu wa juu taratibu, au kulala chali, magoti yamekunjwa, na kunyanyua kiuno. Tatu huchezesha kiungo kwa upole kisikakamae. Mazoezi huwa machache kila siku, kwa kipimo alichoweka mtaalamu. Maumivu yakizidi na kudumu hadi kesho yake, aambiwe apunguze. Mwenye selimundu anywe maji kabla na baada, asijichoshe, ajiepushe na maji baridi, na aache mazoezi wakati wa shambulio.

Je, yafaa kitu? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha wagonjwa wa selimundu waliofanyiwa upasuaji wa kutoboa mfupa pamoja na mazoezi, na wenzao waliopewa mazoezi pekee. Baada ya wastani wa miaka 3, nyonga 82 katika kila 100 za kundi la kwanza hazikuhitaji upasuaji zaidi. Za kundi la pili, 86. Wagonjwa hao walikuwa wachache, na mazoezi hayafufui mfupa uliokufa. Wengine hatimaye watahitaji nyonga ya bandia. Lakini nyonga ya bandia nayo huchakaa, na kwa kijana kila mwaka anaotembea kwa nyonga yake mwenyewe ni faida.

Kazi kubwa imo majumbani mwetu. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kuinamia jiko la chini, kuchuchumaa chooni na kubeba ndoo kichwani vyote huielemea nyonga. Nazi ikunwe na mwingine. Jiko liinuliwe juu ya meza. Choo kiwekewe kiti. Na katika swala, asiyeweza kusimama au kusujudu ameruhusiwa kuswali ameketi. Asihimizwe kujitesa, wala asitazamwe kama mvivu wa ibada.

Mwisho, tuwatazame mabinti zetu. Binti huficha maumivu kwa kuona haya: atachekwa kwa mkongojo, atasemwa hatapata mchumba. Mwingine hakwenda kwa mtaalamu kwa kuwa ni mwanamume. Mama anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, na asipopatikana, akae naye chumbani. Haya ni pambo la mwanamke, lakini isiwe sababu ya kumpotezea mguu. Katika ziara ijayo ya kliniki, muulize daktari waziwazi: nyonga za mwanangu ziko salama?

Mwenyezi Mungu awape shifa wagonjwa wetu wote. Amin.