Mkopo wa Elimu na Ujira wa Msanifu: Nasaha kwa Vijana wa Meru na Embu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, wazazi wa Meru na Embu huketi na watoto wao kushauriana juu ya chuo na taaluma, na miongoni mwa taaluma zinazowavutia vijana siku hizi ni teknolojia ya usanifu wa majengo. Wala si ajabu, kwa kuwa kijana aliyelelewa Nchiru ameona kwa macho yake jinsi mashamba yanayokizunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru yalivyogeuka kuwa nyumba za ghorofa za kupangisha wanafunzi, na mwenzake wa Embu ameona mambo yayo hayo tangu chuo kikuu chao kilipopewa hati mwaka 2016. Anayeuona mji ukijengwa hudhani kwamba mchora ramani hatakosa riziki, na dhana hiyo ina msingi. Sina nia ya kumvunja moyo. Ninalomtakia ni kwamba afanye hesabu kabla hajatia sahihi fomu ya mkopo.

Mkopo wa masomo si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa na mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, na mwaka 1974 serikali ya Kenya huru ikaanzisha mpango wake kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini wengi walizipokea fedha zile kama kwamba ni sadaka, wasizirejeshe, hata ikalazimu iundwe kwa sheria, mwaka 1995, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB. Bodi hii humtoza mwanafunzi wa shahada riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na humngojea mwaka mmoja baada ya kuhitimu ndipo ianze kudai. Riba hiyo ni nafuu kuliko ya benki yoyote. Mzigo uko katika faini, maana asiyelipa hutozwa shilingi 5,000 kila mwezi. Tuseme kijana amekopa shilingi 40,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka 4, deni lake likawa 160,000: riba ya mwaka mmoja ni 6,400, ilhali faini ya mwaka mmoja wa kunyamaza ni 60,000. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2022 kwamba riba na faini zisizidi deni la asili, na uamuzi huo ni wa haki. Lakini hata kwa uamuzi huo deni la 160,000 laweza kufika 320,000, na jina la mdaiwa hupelekwa katika orodha ya wasiolipa, akaweza kunyimwa mkopo mwingine.

Sasa tutazame upande wa ujira, ambao aghalabu hautajwi mbele ya mtoto. Sheria ya wasanifu majengo na wakadiriaji, iliyopo tangu mwaka 1934, haimruhusu mtu kujiita msanifu asipokuwa amesajiliwa na bodi yao, na ramani inayopelekwa kaunti kuidhinishwa yatakiwa iwe na muhuri wa aliyesajiliwa. Mhitimu wa teknolojia ya usanifu hana muhuri huo. Yeye hukesha mbele ya kompyuta akipima vyumba, ngazi na mabomba ya maji machafu, akamweleza mwenye kiwanja kwa nini choo hakiwezi kukaa pale anapokitaka, na kunapokucha ramani ile huenda kwa mwenye muhuri, naye ndiye apataye fungu kubwa la malipo. Sisemi kwamba sheria ni mbaya. Jengo la Huruma, Nairobi, lilipoporomoka Aprili 2016, watu zaidi ya 40 walifariki, na ni lazima pawe na mtu mmoja wa kuulizwa. Nasema kijana aambiwe mapema kwamba shahada hiyo humfanya msaidizi wa msanifu, na kwamba ujira wa msaidizi ni wa msaidizi.

Fauka ya hayo, kazi ya ujenzi huku kwetu hufuata msimu. Mkulima wa chai anayepeleka majani Githongo, Kionyo, Mungania au Rukuriri huanza msingi wa nyumba akipata bonasi, akasimama saruji ikiisha, akaendelea mwaka unaofuata. Mchoraji hulipwa mwenye nyumba akipata, ilhali deni hudaiwa kila mwezi, na hapo ndipo wengi wanapokwama hata kama jumla ya mapato yao ya mwaka ingetosha.

Lakini deni linalonisikitisha kuliko yote ni lile lisiloingizwa katika daftari la HELB. Baba hukopa katika sacco, mara nyingi kwa asilimia 1 kwa mwezi, yaani mara 3 ya riba ya serikali. Au huuza kipande cha shamba. Na katika nyumba za Igembe zilizotegemea miraa, mapato yalipunguka tangu Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, ilhali karo haikupunguka. Shamba likiuzwa kwa ajili ya shahada, thamani yake na iandikwe kando ya mkopo, kwa kuwa nalo ni gharama ya shahada hiyo hiyo.

Basi, kijana, usikubali kutia sahihi kabla hujawatafuta wahitimu wa taaluma hiyo waliomo mjini mwako na kuwauliza walipata nini katika mwaka wao wa kwanza na wa pili. Kama majibu yao hayalingani na deni, fikiria diploma ya ujenzi katika Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Meru, ambayo nayo HELB huikopesha; ufanye kazi, kisha ukiwa na akiba urudi kusoma shahada. Na ukishahitimu, anza kulipa katika ule mwaka wa kungojewa, hata kama ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Nanyi wazazi, ambao wengine wenu mnawekwa wadhamini, nawasihi muisome fomu yote ya mkopo, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mtoto wenu, kabla ya kalamu kuguswa.