Gemu ni Gemu, Hata Bila Televisheni

Wapo watu wanaokusanya gemu za video za zamani na kuzipanga kwenye makabati ya vioo. Wapelekee Atari 2600 ya mwaka 1977, watakupokea kama mkwe. Wapelekee kidude cha betri cha mwaka huohuo, chenye vitaa vyekundu, watacheka: "Aa, hicho ni kichezeo cha watoto." Kichezeo! Kana kwamba hiyo Atari ilitengenezwa kwa ajili ya kulimia.

Nasema wamekosea, na hoja zangu hizi hapa.

Wao wanashikilia jambo moja: ati gemu ya video lazima itoe picha kwenye kioo cha televisheni au kinachofanana nacho, na vidude vile vina taa tu, au vivuli vilivyochorwa kiwandani. Haya, twende nayo hoja yao mpaka nyumbani kwao. Mwaka 1972 huko Marekani ilitoka Magnavox Odyssey, ambayo wao wenyewe huiita konsoli ya kwanza ya nyumbani. Ilikuwaje? Haikuwa na sauti. Haikuhesabu pointi, mliandika wenyewe kwa kalamu. Mandhari ya mchezo yalikuwa karatasi ya plastiki ya kubandika juu ya kioo cha televisheni. Ndani hamkuwa na kompyuta yoyote, na kwenye boksi walitia mpaka dadu na kadi.

Aliyeibuni, Ralph Baer, ndiye aliyebuni pia Simon, pamoja na Howard Morrison, ikatoka mwaka 1978. Simon ni ile sahani ya rangi nne inayowaka na kulia, nawe unarudia mfuatano wake mpaka ukosee. Ina chipu. Inakumbuka, inaongeza ugumu, inahukumu. Sasa niambieni jamani: ile isiyojua hata kuhesabu ndiyo gemu, halafu hii inayokushinda kwa kumbukumbu ni mdoli? Baba mmoja, watoto wawili. Mmoja mnampa urithi, mwingine mnamwita wa nje.

Chukueni na Auto Race ya Mattel, ya 1976. Ni gemu ya mkononi, na programu yake nzima ilienea katika baiti 512. Baiti moja hubeba herufi moja. Kwa hiyo nafasi aliyopewa mtengenezaji haifikii hata aya yangu ile ya Odyssey, naye akatoa barabara, magari na mbio za kushindana na saa. Magari yenyewe ni vistari vyekundu. Mchezaji ndiye anayevitia magurudumu. Sisi tunaoandika hadithi tunalijua hilo. Tunampa msomaji vistari vyeusi tu, machozi anayatoa mwenyewe.

Tena konsoli zenyewe zilikwenda kukopa kwa vidude hivyo. Kile kitufe cha msalaba kilichoenea kila mahali kilionekana mwaka 1982 kwenye Donkey Kong ya Game & Watch, kidude cha mfukoni cha Nintendo. Mwaka uliofuata kikahamia kwenye konsoli yao ya Famicom. Mkopaji amekuwa mheshimiwa, mkopeshaji hatambuliwi!

Mtasema nikifungua mlango hivi, hata mdoli unaolia ukiminywa utaingia. Hautaingia. Mpaka wangu ni huu: mashine yenyewe ishike sheria, ijibu unachofanya, na iweze kukushinda. Mdoli wa kulia haukushindi. Simon inakushinda, tena mbele za watu.

Na wenzenu wameshaanza kuelewa. Jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, New York, liliiweka Atari 2600 kwenye orodha yake ya heshima ya vichezeo mwaka 2007. Mwaka 2025 jumba hilohilo likaitia Tamagotchi, lile yai la Bandai la 1996, kwenye orodha yake ya heshima ya gemu za video. Basi ukuta mnaoulinda una matundu pande zote mbili.

Mbona nagombana kwa ajili ya vidude? Kwa sababu kisichoingia kwenye historia hutupwa. Betri huvuja, kutu hula, mtoto hupewa akavunja, basi, kimekwisha. Pia kwa sababu ukisema gemu ni televisheni, umewafuta waliocheza bila televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mjomba wangu aliijua Tetris chini ya mwembe, kwa kidude cha betri mbili, nyumbani kwao hakuna hata umeme. Nendeni mkamwambie hakuwahi kucheza gemu!

Lugha hiyo ya "si gemu, ni kichezeo" sisi vijana waandishi tumeshaisikia kwingine. Ndiyo iliyowafukuza wenye riwaya pendwa mlangoni: "Hiyo si fasihi, ni burudani tu." Riwaya hizo zilisomwa mkono kwa mkono mpaka zikachanika, na leo nyingi ukizitafuta huzioni.

Kidude cha mjomba ninacho kwenye droo. Nimekitoa betri zisije zikavuja. Anayekiita kichezeo na aje. Betri nitazirudisha, tushindane kwanza, halafu ndipo tubishane.