Ajali Ina Kinga

Katika misemo yetu yote, sijui kama uko uliotutia uvivu wa kufikiri kama huu: "Ajali haina kinga." Husemwa matangani, husemwa kituo cha polisi, husemwa na mwenye basi ambaye breki zake hazijaguswa tangu masika. Ukishasemwa, mazungumzo yamefungwa. Mimi nadai kwamba msemo huu, kwa jinsi tunavyoutumia leo, ni uongo. Na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo msomaji asingetarajia, yaani katika makumbusho ya magari.

Binti yangu aishiye Ulaya alinipeleka katika jumba moja la aina hiyo. Palikuwa na maonyesho mawili ya muda, moja la mbio za magari, jingine la pikipiki za zamani. Sikatai kwamba ni mashine nzuri. Zilikuwa zimeng'arishwa hata mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Lakini nimewafunza walimu kwa miaka mingi, na najua kwamba kitu kikishawekwa mbele ya umma na kuandikiwa maelezo, hicho ni somo. Mwanachuo aliyeniletea andalio lenye ushindi bila gharama ya ushindi huo, nilimrudishia akaandike upya.

Tuanze na Jaguar D-Type. Kibao chake kilisema kwa fahari kwamba gari la aina hii lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955. Ni kweli. Lakini katika mbio hizo hizo, tarehe 11 Juni, gari la Mercedes lililoendeshwa na Pierre Levegh liligonga gari lililokuwa mbele yake, likaruka, na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Levegh alikufa, na watazamaji zaidi ya 80 walikufa pia. Mbio ziliendelea mpaka mwisho. Baada ya hapo ndipo sehemu ile ya uwanja ilipojengwa upya, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za mzunguko nchini mwake kwa miaka mingi. Hayo yote kibao hakikuyataja hata kwa neno moja.

Katika ukumbi wa pili nilikuta Brough Superior SS100, pikipiki ya Kiingereza iliyouzwa kwa ahadi ya kufikia maili 100 kwa saa. Kibao kiliisifu kasi yake, kikamsifu na mpenzi wake mashuhuri, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki. Hakikusema kwamba mwezi Mei 1935 Lawrence, akiwa juu ya pikipiki hiyo, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka, akaumia kichwa, akafa siku ya sita. Hakuwa amevaa kofia ngumu.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Huyu hakukunja mikono akasema ajali haina kinga. Alianza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha matokeo yake: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani Uingereza. Katika majeruhi aliowachunguza aliwapata saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walipona. Novemba mwaka huo jeshi likawaamuru waendesha pikipiki wake wavae. Raia wa Uingereza walisubiri sheria yao mpaka mwaka 1973, miaka 38 baada ya kifo cha Lawrence.

Hilo ndilo somo la pikipiki ile. Kasi yake imepitwa zamani; kofia ndiyo iliyobaki na faida.

Nataka vijana wetu wa bodaboda wasikie habari hiyo kabla ya kusikia habari ya maili 100. Utafiti wa leo umethibitisha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo nenda kijiweni chochote ukaone. Kofia moja imetundikwa kwenye usukani kumngoja askari, na abiria hana kabisa. Nyuma ameketi mama, mgongoni mtoto, mbele ya dereva mtoto wa pili.

Watakuwapo wa kuniambia: "Mzee, watu huenda makumbusho kufurahi, usiwageuzie makaburi." Nami nauliza, mistari mitatu kwenye kibao itamnyima nani furaha? Dereva wa mbio alijua hatari aliyoiingia. Yule aliyelipa kiingilio akasimama na mwanawe kutazama hakuinunua. Kumsahau huyu na kuling'arisha gari ni kumwambia kijana kwamba mashine ina thamani kuliko mtazamaji.

Na wengine watanikumbusha kwamba msemo ni wa wahenga. Naam, lakini ajali waliyoisema wahenga ilikuwa ile siku ya mtu iliyoandikwa, ambayo ikifika haicheleweshwi. Hawakusema habari ya tairi lililoisha, wala dereva aliyelewa, wala kichwa kitupu katika mwendo wa kilomita 80. Tumelichukua neno la imani tukalifanya cheti cha kumtetea mzembe.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mlio bado kazini: mwanafunzi akiwaandikia katika insha kwamba ajali haina kinga, msimpe alama. Mwulizeni ni ajali gani, ilitokeaje, na nani alikuwa na wajibu wa kuizuia. Na siku mtakaposimama kuzungumza kwenye mazishi ya kijana wa bodaboda, ulizeni maswali hayo hayo kwa sauti, hata kama mwenye pikipiki ameketi mstari wa mbele.